Pazia ni Langu, Picha Si Yangu

Kuna watu wakiona dirisha wanaona dirisha tu, basi, maisha yanaendelea. Fundi huyu wa mapazia akiona dirisha tupu anaona jicho lisilo na kope, na roho inamuuma kabisa, anatamani alifumbe. Ndiyo maana wifi yake alimbandika jina la Mawingu, na mtaa mzima ukalidaka. "Mawingu yupo?" wateja wanauliza mlangoni. "Yupo," wifi anajibu, "ila subiri kidogo, bado hajashuka."

Na kushuka kwake ni shughuli, nakwambia. Unamkuta kakaa mbele ya cherehani, mguu kwenye pedeli, mkono kwenye kitambaa, macho hayapo. Chai imepoa mpaka imejitengenezea ngozi. Mteja anabisha hodi, anakohoa, anabisha tena, mwisho anajikaribisha mwenyewe na kiti anajivutia mwenyewe. Ndipo Mawingu anashtuka, anacheka kicheko cha mtu aliyeamshwa, anasema, "Samahani jamani, nilikuwa kwenye dirisha lako." Na kinachochekesha ni kwamba anasema kweli! Kabla ya kukata kitambaa lazima kwanza aingie kichwani kwenye hicho chumba, akae, asikie upepo unaingilia wapi, ajue jua linaamkia upande gani.

Wanagawana chumba kimoja, yeye na huyo wifi, yaani dada wa mumewe. Upande wa dirisha ni cherehani, meza ya kukatia na marobota ya vitambaa yamesimama wima kama watu kwenye foleni. Upande wa mlango ni ufalme wa wifi, fundi simu: meza ya kioo, taa ya kuinama, skrubu ndogo kama punje za ufuta, na simu za watu zimefunguliwa matumbo. Mume wa Mawingu ni dereva wa malori ya mbali, kwa hiyo mara nyingi nyumbani wanaishi hao wawili na utani wao.

"Kaka yangu sijui alioa mtu," wifi husema, "sijui alioa moshi."

"Alioa moshi kwa sababu kwao alizoea moto," Mawingu hujibu bila hata kuinua kichwa. Kumbe anasikia!

Sasa shika jambo moja, kila kitu kinaning'inia hapo. Kitambaa chepesi kikikosa uzito chini kinayumbayumba kama mlevi anayetafuta funguo. Mafundi wengine wanatia vipande vya chuma kwenye pindo. Mawingu anatia kifungo. Kifungo cha zamani, cha shati lililokwisha kufa, anachokitoa kwenye kopo la maziwa ya unga. Anaingiza mkono humo, anafumba macho, anavipapasa, mpaka kimoja kinamwitikia. Anakishonea ndani ya pindo, pembeni kabisa, na mwenzake kona ya pili, kisha anaziba. Hakuna anayekiona. Labda tu jua likipita nyuma ya pazia, hapo kwenye kona kinatokea kivuli kidogo cha duara, kama mboni. "Pazia lisilo na kifungo ni kama mtu asiye na siri," anasema. "Linaning'inia tu."

Ana huzuni moja, na anaibeba kimyakimya. Mapazia yake yanaondoka. Watu wanaleta vipimo, wanarudi, wanakunja, kwaheri. Kwake ni kama kuozesha binti halafu usijue hata mlango wa kwa mkwe. Usiku anayaota: lile la kijani limefika wapi, lile la maua linafunguliwa na nani asubuhi.

Na lililomkaa moyoni kuliko yote ni lile la kamba. Alikuja mama mmoja anayefanya usafi kwenye nyumba za watu, hakuwa na vipimo vya namba, alikuwa na kamba yenye mafundo mawili. "Urefu ni mpaka fundo hili, upana mpaka hili," akasema. "Rangi chagua mwenyewe. Ni la mtu anayelala sana mchana." Mawingu akachagua rangi ile ya anga kabla jua halijaamua kutoka, si buluu si kijivu. Akalishona kama anamwimbia mtoto. Yule mama akalichukua na kamba yake, akapotea.

Miaka ikapita. Siku moja mchana, wifi anapiga kelele na simu ya mteja, Mawingu anaperuzi simu yake hivi hivi, kidole kinateleza, picha zinapita kama maji. Ghafla kidole kikaganda.

Dirisha. Pazia la rangi ya anga isiyoamua. Upepo umelijaza mpaka limetuna kama tumbo la mjamzito, na jua limepita katikati yake. Na chini kushoto, kwenye pindo, kivuli cha duara.

"Wifi," akanong'ona. "Wifi, mwanangu huyu hapa."

"Una mtoto mimi sijui?" Wifi akaruka na bisibisi mkononi. Akaangalia, akakuza picha kwa vidole viwili, akaona duara. "Haki ya Mungu! Kifungo!"

Wakacheka, wakashikana mikono, Mawingu akajifuta machozi kwa kipande cha bitana. Hatimaye ameona mlango wa kwa mkwe. Chumba kilikuwa vilevile alivyokiota, hata ukuta wake wa rangi ya krimu, hata ule uzee wa fremu ya mbao. Picha aliiweka mtu anayejiita Mtoto wa Mama, na hakuandika neno lolote chini yake.

Sasa, wiki hiyohiyo kulikuwa na jambo kubwa linaiva. Mama mmoja, wanamwita Mama Wageni, alikuwa amemaliza kujenga nyumba ya wageni, madirisha kila upande, na alikuwa anatafuta fundi mmoja wa kuyavisha yote. Kazi ya namna hiyo Mawingu hakuwahi kuipata maishani. Kazi ambayo angeingia mwenyewe chumba hadi chumba, akayatundika mwenyewe, akayaona yakipumua! Mama Wageni alishasema, "Sitaki maneno, nionyeshe picha za kazi yako." Na Mawingu alikuwa hana hata moja. Utapigaje picha binti aliyeshaolewa mbali?

"Kumbe Mungu halali," wifi akasema. "Lete hiyo picha."

"Kuichukua tu?"

"Wewe wifi! Mafundi wote wanafanya. Zunguka kurasa zao uone, dirisha moja lilelile wamelishonea watu chungu nzima, na kila mtu kaandika 'kazi yetu'. Hao wanadanganya. Wewe pazia ni lako kweli! Picha ya mtandaoni ni kama mvua, nani anamiliki mvua?"

Mawingu akaona mantiki, na moyo ulishakubali zamani. Wifi akainakili picha, akaanza kuipamba. Upande wa kulia palikuwa na mkono. Mkono wa mtu mzee, umekunjamana kama karatasi iliyowahi kulowa, umetokea pembeni mwa picha na kushika kona ya pazia. Mkono tu, mwenyewe haonekani.

"Huu unaharibu biashara," wifi akasema, akaukata. Pale ulipokuwa akajaza namba ya simu kwa maandishi manene, na juu: KAZI YETU, KARIBUNI.

Mawingu aliona. Alihisi kitu kama sindano ikikosa kitambaa na kugusa kidole. Lakini tayari alikuwa ameshapaa, yuko ndani ya lile dirisha, anasikia upepo.

Mama Wageni aliiona, akapiga simu palepale. "Hilo! Nataka hilohilo, kila chumba. Nakuja tukubaliane." Nyumba ikawa sherehe. Wifi akacheza mpaka skrubu zikamwagika.

Halafu, asubuhi iliyofuata, komenti ikaingia chini ya picha.

"Hii picha nimepiga mimi. Na mkono wa mama yangu mmeupeleka wapi?"

Mawingu aliisoma amesimama, akaketi, akaisoma tena. Ile sindano ya jana sasa ikaingia mpaka mfupani.

Wifi naye, kwa vidole vyake vya umeme, alishajibu: "Ndugu punguza jazba. Pazia hilo tumeshona sisi. Lako hapo ni lipi?"

Aisee, watu wakajaa kama sisimizi kwenye sukari! Mmoja anaandika "wezi wa picha hawa", mwingine "rudisheni mkono!", mwingine kaweka vikatuni vya kucheka mpaka vimejaza skrini. Kuna aliyeuliza bei. Kila mtaa una mtu wa kuuliza bei msibani.

"Wifi, umemjibu nini mtoto wa watu?"

"Ukweli! Au si wewe uliyeshona?"

"Niliyeshona ni mimi," Mawingu akasema polepole. "Lakini mkono sikuushona mimi."

Siku hiyo alikuwa na kazi kwa wakili mmoja, ofisi ya ghorofani yenye dirisha linaloangalia ukuta wa jengo la jirani. Dirisha la huzuni kweli. Akapanda ngazi na futi yake shingoni, pini mdomoni, mawazo kwingine. Wakili alikuwa mezani, kajiinamia majalada, anakunywa maji ya moto.

"Wakili, samahani. Naweza kuuliza swali nikiwa huku juu?"

"Uliza, fundi. Maswali ya kwenye ngazi ni bure, ukishuka tu ndio tunaanza kuhesabu."

"Mtu akipiga picha pazia langu, picha ni ya nani?"

"Aliyebonyeza ni nani?"

"Yeye."

"Basi sehemu nyingi sheria itasema ni yake. Labda awe ameajiriwa kuipiga, au wameandikiana vingine."

"Hata kama pazia nimelishona kwa mikono hii?"

"Pazia uliliuza?"

"Niliuza."

"Fundi, basi hata pazia lenyewe si lako tena." Wakili akacheka, akaona Mawingu hacheki, akaweka kikombe chini. "Wewe una ufundi wako, hakuna wa kukunyang'anya. Waweza kusema nililishona mimi, ni kweli. Ila picha ni kitu kingine. Aliiona yeye ile saa, akaisubiri, akaikamata."

"Lakini aliiweka mwenyewe mtandaoni. Hadharani! Kila mtu anaiona."

"Na mimi shati langu nimelianika uani, kila mtu analiona. Utalivaa?"

Pini moja ilimdondoka Mawingu mdomoni. "Na nikiandika jina lake pale chini? Kwamba picha kapiga fulani?"

Wakili akafikiri kidogo, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. "Kuandika jina lake ni kupiga hodi. Ni adabu, vizuri. Lakini ukipiga hodi na kuingia kabla hujaambiwa karibu, umeingia nyumba ya watu. Ruhusa ndiyo karibu yenyewe. Na uiombe kwa ujumbe, ibaki, isije kuwa maneno ya hewani."

"Na kama mimi ndiye nimebonyeza, basi nimemaliza?"

"Inategemea kuna nini ndani. Kukiwa na mtu, sura ni yake. Usimtangazie biashara yako kwa uso wake bila kumuuliza. Umeshaelewa, au nipande na mimi ngazi?"

Alielewa. Alielewa mpaka akalipima lile dirisha la huzuni mara mbili, maana mara ya kwanza aliandika urefu wa ukuta wa jirani.

Akarudi, akamkuta wifi anapigana vita kwenye komenti kama simba jike. "Itoe," Mawingu akasema.

"Nitoe? Mama Wageni anakuja leo jioni! Wifi yangu, sikiliza, mimi nakupenda ingawa huwa unaondoka duniani. Mwache kwanza akubali kazi, ndiyo utubu. Toba haiozi."

"Itoe, wifi."

"Akifika hapa hana cha kuona, utamwonyesha nini? Mawingu?"

"Lile dirisha nimeingia bila karibu. Na nimemkata mama wa mtu mkono."

Wifi akautazama mkono wake mwenyewe ulioshika simu. Akaitoa. Ukurasa ukabaki mweupe, kama ukuta uliong'olewa msumari.

Mawingu akamwandikia Mtoto wa Mama neno moja: "Hodi." Kisha akaona kuandika kunamchelewesha, akabonyeza alama ya sauti akasema, na nyuma yake kelele za mtaa zikasikika zote: "Ndugu yangu, mimi ni fundi wa pazia. Picha yako niliichukua bila kukuuliza, nimeitoa. Niliona pazia langu, nikasahau kwamba kuna mtu aliyeona. Mkono wa mama yako ndio unaniuma zaidi. Nisamehe. Sikuombi kitu." Akatuma. Alama mbili zikatokea. Jibu hakuna.

Jioni Mama Wageni akaja. Mama mnene wa kutembea taratibu, anaonekana amechoka na mafundi bomba, mafundi umeme na mafundi wote ulimwenguni.

"Ile picha imekwenda wapi? Na mbona nasikia nyie ni wezi wa picha?"

Wifi akataka kuanza. Mawingu akamshika mkono. "Pazia nilishona mimi, mama. Picha alipiga mtu mwingine na sikumwomba. Kwa hiyo nimeitoa."

"Una ushahidi gani kwamba ulishona wewe?"

"Kuna alama yangu kwenye pindo. Inaonekana kwenye picha. Lakini picha yenyewe si yangu kukuonyesha."

Mama Wageni akamtazama kama anayepima unga kwa macho. "Binti, ama wewe ni mkweli kupita kiasi, ama ni mwongo wa kiwango cha juu. Mimi sina muda wa kujua. Nionyeshe dirisha moja tu, moja, ambalo si la mtu. Kesho napita tena. Nikikosa, kuna fundi mwingine ana picha nyingi."

"Za kuiba!" wifi akashindwa kuvumilia.

"Za kuiba au za kuazima, mama yangu, mimi nataka kulaza wageni."

Akaondoka. Mawingu akageuka, na macho yake yakatua kwenye dirisha lao wenyewe, hilo la nyuma ya cherehani, ambalo kila siku linampa mwanga. Lilikuwa limezibwa na kartoni ya televisheni na nusu ya shuka iliyotoboka. Miaka yote! Kinyozi hajinyoi, tunasema, tunacheka, tunapita.

"Wifi," akasema, "jicho letu halina kope."

Hakutafuta futi. Akachukua kamba, akafunga mafundo mawili. Kitambaa cha rangi ile kilikuwa kimeisha siku nyingi, kwa hiyo akashusha robota jingine, rangi ya chai yenye maziwa mengi. Akaingiza mkono kwenye kopo, akafumba macho, akapapasa. Wifi alikaa karibu, kashika taa yake ya kuinama ili mwanga uangukie sindano. Vikapita vifungo vya mashati ya mumewe, vya sare za shule, vya makoti ya watu waliohama. Kimoja kikamwitikia. Mguu ukashuka kwenye pedeli na cherehani ikaanza kuongea peke yake, tiki tiki tiki, kama mvua ya kwanza kwenye bati.

Asubuhi jua liliwakuta pazia limeshatundikwa. Na upepo nao ukaja, kama ulialikwa. Pazia likavuta pumzi, likatuna, likashusha, na chumba kizima na simu zake zilizopasuliwa na marobota yake kikawa kama kiko ndani ya kikombe cha chai. Chini kwenye kona, duara.

Mawingu akachukua simu. Hakuwahi kupiga picha ya kazi. Akainama, akasubiri, pazia likatuna, akabonyeza. Imepinda! Na nusu ya kidole gumba iko ndani.

"Hiyo picha ni mbaya," wifi akasema.

"Ni yangu."

"Ni mbaya na ni yako." Wifi akaiweka kwenye ukurasa bila kukata chochote, hata kidole. Akaandika chini: Dirisha letu. Pazia letu. Kidole cha wifi.

Mama Wageni alipoingia, alisimama katikati ya chumba, mkoba begani. Akaomba kiti. Akaketi akiangalia pazia linavyopanda na kushuka, mwanga wa maziwa ukimpitia usoni. Wakaona mabega yanalegea. Mkoba ukateleza. Kichwa kikaenda upande, kikarudi, kikaenda jumla. Mama Wageni kalala! Fofofo, mdomo wazi kidogo, na mkoromo mdogo wa kistaarabu.

Wifi akaziba mdomo asicheke. Halafu, kimyakimya kama paka jikoni, akainua simu, akabonyeza. Jamani, ile picha! Mama mzima amelala kama mtoto chini ya pazia lililotuna. "Hili ndilo tangazo," akanong'ona. "Nyumba ya wageni, usingizi, kila kitu kimo. Na nimebonyeza mimi, picha ni yangu, wakili wako kasema!"

"Uso ni wake," Mawingu akanong'ona. "Hodi kwanza."

"Anapigiwaje hodi mtu aliyelala?"

"Anasubiriwa."

Wakasubiri. Wakakaa chini sakafuni, mgongo kwenye marobota, kama watoto nje ya chumba cha mtihani. Pazia linapumua, mama anapumua, hata chumba kinapumua. Na hapo simu ya Mawingu ikatetemeka mapajani.

Mtoto wa Mama. "Nimeona dirisha lako. Hicho kitu cha duara kwenye pindo ni nini?"

"Kifungo," Mawingu akaandika. "Natia kila pazia."

Juu ya skrini pakaandikwa "anaandika". Pakafutika. Pakaandikwa tena. Pakafutika. Mawingu aliona kama anamwangalia mtu anayekuja kwa miguu kutoka mbali sana, anatokea, anazama kwenye kona, anatokea.

"Mama alikuwa anakishika kutwa nzima kitandani. Alisema pazia lina mapigo. Tulidhani ni homa inaongea. Kumbe kuna kitu kweli. Siku ile nilipopiga picha ndiyo ilikuwa asubuhi yake ya mwisho nyumbani."

Kisha picha ikafika. Nzima, pamoja na mkono. Na Mawingu sasa akaona kile ambacho juzi hakukiona: vidole viwili vya yule bibi havikushika pazia hivi hivi. Vilikuwa vinafikicha kona ya pindo, pale kwenye kifungo cha pili. Kumbe ndiko pazia lake, binti yake, alikokuwa ameolewa. Alikuwa ameshikwa mkono.

Chini ya picha kulikuwa na neno moja tu.

"Karibu."

Mawingu alilia bila sauti, na wifi, yule wifi wa maneno yote, akamfuta kwa kitambaa cha kusafishia vioo vya simu.

"Utaiweka?"

"Ameniruhusu," Mawingu akasema. "Lakini huu si mkono wa kuuzia pazia. Itabaki kwangu."

Mama Wageni akashtuka. Akapangusa mdomo, akatazama huku na huku kama mtu aliyeshushwa kituo asichokijua. "Nimelala?"

"Kidogo tu, mama," Mawingu akasema.

"Kidogo!" wifi akasema. "Mama, tumetamani kukufunika."

Mama Wageni akatazama pazia, akatikisa kichwa. "Tangu nianze ujenzi sijalala mchana. Na nimekuja kulala kwenye duka la mtu." Akasimama, akaenda dirishani, akashika pindo, vidole vikatembea mpaka kona, vikakuta kitu. Akasimama hapo akikifikicha bila kujua anafanya nini. "Haya. Utakuja kupima lini? Na uje mwenyewe, sitaki vipimo vya kuletewa."

Mawingu alishapaa, yuko chumba hadi chumba.

"Atakuja, mama, atakuja, ngoja ashuke," wifi akasema haraka. Kisha akameza mate. "Mama... hodi."

"Hodi gani, na mimi niko ndani kwako?"

Wifi akamwonyesha simu. Mama Wageni akaona uso wake, mdomo wazi. Macho yakamtoka.

"Ole wenu! Ifute! Ifute sasa hivi, nikiwa nakuona!"

Wifi akabonyeza, na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayezika mbuzi wake mwenyewe. Tangazo bora kuliko yote duniani likatoweka. Mama Wageni akahakikisha, akatikisa kichwa, halafu mkono wake, ambao muda wote haukuwa umeachia kona ya pazia, akautazama. Akaunyoosha kidogo, bangili ikashuka.

"Uso hapana," akasema. "Mkono, karibu."

Wifi akainua simu, akasubiri. Upepo ukaja, pazia likatuna, akabonyeza.

"Nikate wapi?" akauliza.

Mawingu akashuka kutoka alikokuwa.

"Usikate kitu."